Siku router ya Kabambare ilipopewa ndoyi, tukakosa mtandao

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio macho na mlio kazini.

Juzi kuna kijana humu aliuliza namna ya kufunga huduma za router kwa command line. Akajibiwa kwa mistari mitatu ya amri, watu wakaendelea na mambo yao. Majibu yalikuwa sahihi, sina la kuongeza.

Lakini niliposoma ile mistari nilijikuta nimerudi Kasongo, kwenye kile chumba chenye bati la joto, nasikia feni inavyolia.

Basi nikaona niandike. Ninachosimulia nilikuwepo, na amri nilizibonyeza kwa vidole vyangu mwenyewe. Majina ya watu nimeyabadilisha kwa heshima yao. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa.

Kwa wasiojua: Kasongo iko kusini mwa Maniema, Kongo. Kabambare iko mashariki yake. Ukitazama ramani utadhani unaweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Ukiingia barabarani kwa pikipiki wakati wa mvua, unaondoka na shati jeupe na unafika ukiwa na rangi ya barabara.

Mimi nilikuwa natunza chumba cha internet pale Kasongo. Watu walikiita "kwa dishi", kwa sababu ya dishi la satelaiti lililokuwa juu ya paa. Wafanyabiashara wa mchele na mawese walichanga wakaliweka, kisha wakaweka la pili Kabambare. Mtunzaji wa mitambo yote miwili alikuwa mmoja, amekaa Kasongo. Kwanza alikuwa Papa Salumu. Baadaye nikawa mimi.

Nianze na Papa Salumu, maana bila yeye hakuna stori.

Alikuwa mtu mnene, mpole, anachomeka bisibisi kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kalamu, halafu anaitafuta chumba kizima. Hakutaka kabisa kuendesha router kwa ule ukurasa wa picha na vitufe.

"Asumani, picha iko nzito," alikuwa ananiambia. "Andika. Maandishi inapita hata kama mvua inanyesha."

Alisema kweli. Mtandao wetu ulikuwa mwembamba. Ukifungua ukurasa wa router ya Kabambare, unaweza kwenda kununua mihogo ya kuchoma, ukarudi, bado nusu ya ukurasa ni nyeupe. Lakini kwa command line unaandika mstari mmoja, unangoja kidogo, jibu linakuja.

Amri ya kwanza aliyonifundisha ilikuwa hii:

/ip service print

Inakuletea orodha ya huduma zilizo ndani ya router. Wengi wanadhani router ni sanduku la kugawa wifi tu. Ndani mle kuna huduma kadhaa za kuingilia, telnet, ftp, www, ssh na wenzake, kila moja imekaa kwenye mlango wake inasubiri mtu abishe. Kiwandani wanaziacha nyingi wazi. Na dunia imejaa watu wa kubisha.

"Hii unatumiaka?" aliniuliza huku anaonyesha telnet kwa kidole.

"Hapana, Papa."

"Na hii?"

"Hapana."

"Sasa mulango hakuna mutu anaingiaka, unaiachia wazi ya nini? Funga."

Ndivyo alivyofundisha. Hakuwahi kunipa kitabu. Alikuwa ananitajia amri huku anachomelea redio ya mtu kwa risasi, moshi unamwingia machoni, na mimi naandika.

Alikuwa na sharti moja tu, na sharti hilo alilirudia mpaka nikaliota: mbele ya kufinya Enter, yaani kabla ya kuibonyeza, soma uko wapi.

Maana command line inakuandikia mwanzoni mwa mstari jina la mashine uliyomo. Ukiwa na madirisha mawili wazi, moja la Kasongo na moja la Kabambare, hakuna rangi wala picha ya kukutenganishia. Ni lile jina peke yake.

Papa Salumu alihamia Kalemie kumfuata mkewe. Asubuhi ya kwanza bila yeye chumba kilikuwa kikubwa mno. Nilikaa, nikaandika:

/system identity set name=SALUMU

Tangu siku hiyo kila nikifungua router ya Kasongo nasoma [admin@SALUMU]. Ilikuwa kama kumwamkia. Ile ya Kabambare nilishaipa jina la KBB siku niliyoisimika. Jina kavu, la haraka, nilikuwa nimechoka na pikipiki.

Sasa twende Kabambare, kwa Sefu.

Sefu alikuwa mtu wa phonie. Nyie wa miji mikubwa labda hamkuiona. Phonie ni redio ya kuongea na watu wa mbali. Betri ya gari mezani, waya mrefu umetandikwa juu kati ya mianzi miwili, na benchi la kungojea. Unampa operator jina la mtu wako na mji wake, anaita, upande wa pili wanamtafuta mtu wako, mnaongea kwa zamu. Ukimaliza maneno yako unasema "à vous", ndipo mwenzako aanze. Siri hakuna. Benchi zima linasikia kwamba shangazi yako amegombana na mumewe, na benchi la mji mwingine pia.

Dishi la Kabambare lilipofika liliwekwa kwenye chumba kile kile cha Sefu, phonie upande huu, router upande ule. Akawa mtunzaji wa vyote viwili. Nilidhani atakuwa mgumu kufundishika. Wapi! Command line aliipenda kuliko mimi.

"Iko kama phonie, yaya," aliniambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Unasema, unanyamaza, inajibu. Haikukatizi maneno."

Alikuwa anajifunza amri mpya kila wiki, na kila amri aliyojifunza lazima aitafutie kazi. Kumbukeni hilo jambo.

Basi. Upande wa Kasongo kulikuwa na kijana mchimbaji, anaitwa Assani, anakwenda machimboni Lusangi na kurudi. Mkewe, Mama Riziki, akajifungua mtoto wa kiume. Baba yake Assani, Mzee Kalumbi, alikuwa mkulima ndani ndani huko karibu na Wamaza.

Katika familia yao mtoto huyu alipaswa kuchukua jina la babu. Na babu mwenyewe ndiye anayelisema, kwa mdomo wake, akiwa anamwona mtoto usoni. Kabla ya hapo mtoto hatolewi nje ya nyumba, na mtu yeyote hamwiti kwa jina. Wanamwita "mugeni".

Mzee asingeweza kuja. Barabara ilikatika kwenye madaraja, na mwili wake haukuwa tena wa pikipiki ya safari ndefu. Mama Riziki na kichanga naye asingeweza kwenda. Wiki zikapita. Mugeni akaanza kucheka akiwa bado mugeni.

Kilichomtisha mzee kilikuwa macho. Yalikuwa yanafungwa na ukungu. Mchana wa jua bado aliona sura ya mtu akiwa karibu kabisa. Jua likipungua, haoni kitu.

Assani alikuja kwangu, akakaa pembeni ya kiti.

"Asumani, baba anasema akuje mupaka Kabambare, pale kwa Sefu. Utamuonyesha mutoto mu video?"

"Kwa nini asiseme jina kwa phonie tu? Sauti inafika."

Akatikisa kichwa. "Nilimwambia vile. Anasema jina, hawezi kuirushia mutu hajamuona. Anataka amuone uso mbele macho haijakwisha."

Nikamwambia tutafanya. Sefu akamtafutia mzee pikipiki ya kumleta polepole mpaka Kabambare, na siku ikapangwa.

Siku yenyewe nilifungua chumba mapema. Madirisha mawili kwenye kompyuta yangu. La kushoto SALUMU, router ya Kasongo, iliyokuwa pale pale miguuni pangu. La kulia KBB, router ya Kabambare. Nikapima njia, ikaitika. Nikaacha yote mawili wazi, nikafagia chumba.

Familia ilifika baada ya adhuhuri. Sitasahau namna walivyokuja. Mtoto hatakiwi kutoka nje, si ndiyo? Sasa atafikaje kwa dishi? Bibi mzaa mama alikuwa ameshatatua. Mtoto amefunikwa kitenge, juu yake mwavuli, pembeni ya mwavuli wamening'iniza vitenge vingine mpaka chini. Wanatembea barabarani wote kwa mwendo mmoja kama hema lenye miguu.

Mwenye pikipiki mmoja akapiga kelele: "Mama, nyumba inaenda wapi?"

"Inaenda kupewa jina!" bibi akamjibu kutoka ndani. "Na wewe pisha mulango!"

Wakaingia. Nikawakalisha mbele ya laptop iliyounganishwa kwa kebo. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, walikuwepo wateja wa kawaida na simu zao, wananyonya wifi. Nikajua tukiwaacha, video itakuwa inakatika katika. Nikaamua: nazima wifi ya Kasongo kwa muda, mtandao wote ubaki kwa hii laptop moja ya kebo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Tangu asubuhi logi, lile daftari la matukio la router ya Kasongo, ilijaa watu wa nje wasiojulikana wanajaribu password, mlango wa telnet, mlango wa ssh, tena na tena. Nikasema nifunge na hiyo milango yote. Mimi nimekaa karibu na mashine, nina kebo ya console ya kuchomeka moja kwa moja, milango hiyo siihitaji.

Nikachukua dirisha bila kuangalia ni la upande gani. Nikabonyeza Enter tupu ili nisome niko wapi, kama nilivyofundishwa.

[admin@SALUMU] >

Nikasoma. Naapa nilisoma. Nikaandika:

/ip service disable telnet,ftp,www,ssh,api
/interface disable wlan1

Nikasoma tena. SALUMU. Nikatoka, nikafunga dirisha lile ili nisichanganye.

"Tayari," nikasema.

Tukapiga Kabambare. Inaita. Inaita. Hakuna.

Tukapiga tena. Hakuna. Mara nikasikia nje watu wa wifi wanacheka na video zao. Wifi niliyoizima inafanya kazi!

Nikageukia dirisha lililobaki, ambalo kwa hesabu zangu lilikuwa la Kabambare. Nikabonyeza Enter.

[admin@SALUMU] >

Wakuu, nilisoma mara tatu. Mashine mbili. Jina moja. Nimefunga milango ya mashine iliyo mbali, nikazima na wifi ambayo laptop ya kule kwa Sefu inaitegemea, kisha nikajitoa mwenyewe nje na kufunga mlango nyuma yangu.

"Iko nini?" Assani akauliza.

"Mtandao wa Kabambare umezimika. Ngojeni hapa."

Bibi akatazama dirishani. Upande wa mashariki mawingu yalishaanza kujaa. Akamfunika tu mtoto vizuri.

Siku hizo simu Kabambare ilikuwa mpaka upande kilimani ndipo uipate, na nilijua Sefu asingemwacha mzee peke yake. Njia ikabaki moja. Nikavuka barabara mbio kwenda kwa Mama Zawadi, mama wa phonie ya Kasongo.

Nielezeni mngejisikiaje. Mimi ni yule kijana wa dishi aliyefanya benchi la wateja wa mama huyu lipungue. Nikaingia nahema.

"Mama Zawadi, niitie Kabambare. Kwa Sefu. Ni haraka."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. Akaligeukia benchi.

"Jamani mumeona? Si walisema phonie imekufa? Leo internet yenyewe inakuja kuomba njia kwa phonie!"

Benchi likaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye samaki wakavu wa Nyangwe kapuni akasema, "Mumuache apite kwanza, huyu anaonekana ni mugonjwa." Wakacheka tena, lakini wakanipisha.

Mama Zawadi akaita. Mikwaruzo, filimbi, kisha sauti ya Sefu, nzuri kabisa, ya mtu mwenye raha:

"Kasongo, Kabambare iko inasikia. Wifi imepotea huku. Mzee anauliza kama mugeni amelala. À vous."

Nikachukua kipaza sauti. "Sefu, umebadilisha jina la mashine? À vous."

"Ndiyo, yaya! Umeona?" Furaha ilimjaa mpaka redioni. "Leo iko siku ya majina. Nikasema mashine yetu nayo isikae na lile jina ya KBB, jina ya gunia ya mchele. Nimeipa ya Papa Salumu. Sasa yenu na yetu ni ndoyi! À vous."

Kwa wasiojua, ndoyi kwetu ni mtu mwenye jina kama lako. Si neno dogo. Ndoyi wako humtukani, humnyimi chakula, na watu wakikuita mnaitikia wote wawili. Sefu alikuwa ametoa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Na ile amri ya kubadilisha jina ndiyo aliyokuwa amejifunza wiki ile.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikamweleza kilichotokea. Kisha:

"Mama yangu. Sasa tunafanya namna gani? À vous."

"Utafungua wewe, kwa mkono. Ile kebo ya console niliyokuachia, ya bluu, iko wapi? À vous."

"Ile kamba ya bleu? Nimefungia rideau. À vous."

Benchi likacheka mpaka Mama Zawadi akapiga meza. Sefu akaenda, akafungua pazia, akarudi na kebo. Akachomeka. Akasema anaona maandishi, yanamwita SALUMU.

Tukaanza. Mikwaruzo ilikuwa mingi, maneno ya kiingereza yanapotea njiani, kwa hiyo Mama Zawadi akaninyang'anya kipaza sauti. "Wewe sauti yako inatetemeka. Sema, mimi natuma." Akatuma kwa desturi ya phonie, herufi kwa herufi, kila moja na mtu wake au mji wake.

"Barre, ule mustari wa kuinama. Halafu I ya Idi. N ya Nyangwe. T ya Tongoni. E ya Eliya. R ya Ramazani. F ya Feza. A ya Amisi. C ya Celestini. E ya Eliya tena. À vous."

Sefu akarudia yote. Tukatuma neno la pili, enable, na la tatu, wlan1, ndilo jina la wifi ndani ya router. Akabonyeza Enter. Tukangoja.

"Imejibu. Inasema 'bad command name'. Hii ni matusi? À vous."

"Inasema jina la amri ni baya," nikamweleza Mama Zawadi.

"Hata mashine inakataa jina!" akasema yule mzee wa samaki, na sasa benchi lote lilikuwa limesimama, hakuna aliyekuwa anakumbuka zamu yake. Kila mtu alishajua kuna babu Kabambare, kuna mtoto hapa ng'ambo ya barabara, na kuna mvua inakuja.

Nikamwambia Sefu anisomee alichoandika. Akasoma. Penye C ya Celestini alikuwa ameweka S.

"Sefu!" Mama Zawadi akafoka. "Celestini unaandikaka na S?"

"Mama, ule Celestini wa kwetu anaandikaka na S. À vous."

"Basi achana naye! C ya Kongo ya kifaransa! À vous."

Akaandika tena. Enter. Kimya. Mikwaruzo tu.

"Haijasema kitu. À vous."

Nilikaa chini kwenye lile benchi. Mashine ile ikikubali, hainyanyui mdomo. Kimya chake ndiyo jibu.

"Wifi imerudi!" Sefu akapiga kelele bila à vous. "Imerudi! Mukimbie, jua bado iko kidogo!"

Nilivuka barabara, na nyuma yangu benchi zima la phonie likavuka. Hata Mama Zawadi aliacha redio yake inakoroma peke yake.

Tukapiga. Ikaita mara moja.

Picha ilikuja kwa vipande. Kwanza ukuta. Kisha bega la Sefu. Kisha uso wa Mzee Kalumbi, karibu sana, jicho moja na nusu ya shavu, maana alikuwa ameisogelea skrini kama mtu anayechungulia ndani ya chungu. Sefu alikuwa ameishikilia laptop mlangoni, mahali jua linapoingia.

Mama Riziki akamfunua mtoto.

"Mumulete karibu," mzee akasema. "Tena. Tena. Nione pua."

Akamsogeza mpaka pumzi ya mtoto ikaacha ukungu kwenye kamera. Bibi akaifuta kwa kitenge, haraka.

Mzee akatazama. Alitazama kwa muda ambao mtandao wa satelaiti huwa hautuvumilii, lakini siku ile ulivumilia. Alikuwa anazungusha kichwa taratibu, anatafuta pembe ambayo ukungu wa macho yake haukuifikia.

"Hii pua ni ya mama yangu," akasema mwishowe.



Sauti yetu ilikuwa na tabia ya kuchelewa kuliko picha. Kwa hiyo tuliona kwanza midomo yake inasogea, inafunga, anatulia, amemaliza. Ndipo jina likafika.

"Mimi ni Kalumbi. Na wewe iko Kalumbi. Ndoyi yangu, karibu."

Bibi alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Kabambare bila dishi. Assani aligeukia ukutani. Mzee wa samaki alikuwa anajifuta uso na kofia. Nje tone la kwanza la mvua liligonga bati.

Maadamu mtandao haujakatika, nikafikiri nimalize na kazi yangu. Nikamwambia Sefu kwa video: mashine haziwezi kubaki na jina moja, tutakuja kuumizana, naomba airudishe KBB.

Kabla Sefu hajajibu, mzee akaingilia. Alikuwa bado amekaa pale, mikono magotini.

"Mumeisha kuipa jina, sasa munaitoa namna gani?"

"Mzee, zinachanganyika. Nikiita moja sijui nimeita ipi."

"Na sisi nyumbani, tukiwa Kalumbi wawili, tunafanyaka namna gani?"

Bibi alicheka kabla yangu. Nikaandika kwa router iliyokuwa miguuni pangu, na Sefu akaandika kwa ile yake, na mimi nikisoma kwa sauti mahali nilipo kabla ya kubonyeza:

/system identity set name=SALUMU-MUKUBWA
/system identity set name=SALUMU-MUDOGO

Haikutokea tena kuchanganya. Nilipompigia Papa Salumu Kalemie kumsimulia, aliuliza tu: "Na mimi ni yupi?" Nikamwambia Mukubwa. Akasema vizuri, maana kwa unene wake ingekuwa uongo kumweka kwenye ile nyingine.

Wakuu, miaka imepita. Minara ya simu ilifika, watu wakaanza kushika internet mfukoni, wale wafanyabiashara wakashusha madishi. Mimi niko mbali, nasimamia mitambo mikubwa yenye majina ya tarakimu na herufi yasiyo na maana kwa mtu yeyote. Huwa nasoma prompt, lile jina la mwanzo wa mstari, mara mbili, na kila nikisoma naona kuna kitu hakipo.

Somo la ufundi nililopata ni hili, na kijana aliyeuliza alichukue: jina la mashine ni kitu cha kwanza cha usalama, kabla ya password. Kabla hujafunga huduma yoyote kwa mbali, usiamini jina tu. Angalia na anwani, angalia na serial number, na tumia safe mode, ili njia ikikatika mashine irudi yenyewe ilivyokuwa. Wakati ule sikuijua. Na kila kituo kiwe na kebo ya console, hata kama inafungia pazia.

Somo jingine si la ufundi. Sefu hakuharibu kitu. Aliielewa ile mashine kama sehemu ya nyumba, na sehemu ya nyumba lazima iwe na jina la mtu.

Nataka kuwasikia mlio kwenye kazi hizi, Kigoma, Bujumbura, Goma, Mombasa, popote. Mitambo yenu mnaipa majina gani, na nani anaamua? Kuna aliyewahi kujifungia nje kwa sababu ambayo hakuna kitabu kingeitabiri? Andikeni, nitasoma yote.

Mwaka jana nilipita Kasongo. Mzee Kalumbi alishafariki, na Assani aliniambia macho yalifunga kabisa miezi michache baada ya siku ile. Mwanawe alikuwa uani anaendesha tairi. Nikamwita kwa jina, Kalumbi. Hakugeuka.

"Hapo hasikii," mama yake akasema. "Muite Mudogo."

Nikaita Mudogo. Akaja mbio.

Mukubwa hayupo, lakini pale nyumbani hakuna aliyeona sababu ya kumwondolea mtoto lile Mudogo.